Habari za Gogo Lililokatwa Kichwa, na Jinsi Lilivyovuka Geti

Wekeni chini mashoka, enyi wa Mafinga mnaonusa unga wa mbao kabla hamjanusa uji. Funikeni matenga, enyi wa Ilula mnaokimbiza mabasi na nyanya mkononi. Nanyi wa Igawa, mnaouza kando ya barabara kila kitu isipokuwa lami yenyewe, sogeeni mkae. Habari zinazosomwa leo si za wafalme wala majemadari. Hao wana waandishi wao, tena wanakula vizuri. Hizi ni habari za Liberatus mwana wa Gideoni, Simba wa Miteremko ya Mufindi, Bega Lisilochubuka, Mume wa Juliana, ambaye katika mwaka wa Operesheni, mawingu yakiwa yamekwisha kushuka mabegani mwa milima, alilivusha gogo moja la paina kutoka upande huu wa geti hadi upande ule. Msicheke. Wako waliovuka bahari kwa taabu ndogo kuliko hiyo, na wamejengewa sanamu.

Ulikuwa mwaka ule wananchi walipoambiwa watoke kwenye mashamba ya babu zao wakakae pamoja kando ya barabara, maendeleo yapate kuwaona. Liberatus hakubisha, waliobisha walihamishwa kwanza. Akapewa kiwanja, akasimamisha kuta za udongo, fito akazileta, nyasi za kuezekea akazifunga mafungu mafungu. Kilichokosekana ni mtambaapanya, ule mti wa juu kabisa unaobeba paa zima kama mzee anavyobeba ugomvi wa ukoo. Bila huo, fito ni kuni tu. Na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha tamka kwa kinywa chake kwamba Jumapili mgambo watapanda mlimani kubomoa vibanda vya zamani, mwenye kibanda awe amehama au hajahama. Siku ya habari hizi ilikuwa Jumamosi. Kibandani kwa Liberatus kulikuwa na mtoto mchanga ambaye hata jina alikuwa hajalizoea, na mvua haina mwenyekiti wa kuiambia ingoje.

Sasa isikilizeni sheria ya msitu, kwa maana bila hiyo hakuna vita. Mti haukatwi kwa njaa ya shoka. Sharti Bwana Misitu aje, auzunguke, autazame kama umekomaa, aone kwamba wanabaki wenzake wa kutoa mbegu, na mkataji apande mche pale pale kando ya kisiki. Hapo ndipo Bwana Misitu huichomoa nyundo ya serikali, yenye herufi za chuma usoni, akaipiga kwenye kisiki, kisha akaipiga kwenye tako la gogo; na gogo lililopigwa ni gogo halali, lina heshima zake, laweza kutembea nchi nzima bila kuulizwa kabila. Sheria nzuri. Hakuna asemaye ni mbaya. Wakati wa Mjerumani mti ulihesabiwa na mtu akachapwa. Wakati wa Mwingereza mti ulipewa namba na mtu akafukuzwa. Sasa mti ni wetu sote, na ndiyo maana haruhusiwi yeyote kuugusa. Walioipanda ile mipaina mche kwa mche, magoti yamezama katika baridi ya Julai, ni baba wa watu hawa hawa. Lakini paina haikumbuki, na ofisi haijawahi kuiuliza.

Liberatus aliitimiza sheria yote. Bwana Misitu Asukile, mtu wa haki kutoka Tukuyu, asiyekula hata ndizi ya kupewa mpaka aambiwe imetoka mgomba gani, alilipiga gogo nyundo, *koh!*, mlio ukazunguka bonde lote. Kisha akapanda basi kwenda Mbeya kwenye semina, na nyundo yake kwenye begi. Gogo likaburutwa hadi kibandani, likalala uwanjani kama mfalme aliyekuja kutembea.

Na hapa, jamaa, ndipo shujaa alipojikwaa. Wala hakujikwaa kwa uzembe, alijikwaa kwa adabu.

Maana kibandani alikuwapo mgeni: Mama Apolonia, mzazi wa Juliana, aliyetoka Ilula na vyungu vyake kuja kumlea mwanawe na mjukuu. Na desturi ya ukoo ule ni kali kuliko sheria zote za msitu. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamtaji jina. Hasemi naye ana kwa ana. Mama mkwe naye hakalii kigoda alichowahi kukalia mkwe wake, na kiti alichokalia yeye, mkwe hakigusi mpaka kilale nje kikapigwa na umande wa usiku mzima. Sasa vigoda vyote vya nyumba ile Liberatus alikuwa amevikalia tangu ujana. Basi Mama Apolonia, mwenye goti bovu, alikuwa akimwogesha mjukuu amechuchumaa chini kama mtu anayetafuta sindano.

Liberatus alipoona gogo limezidi urefu uliotakiwa, moyo wake ulijaa heshima. Alfajiri ile akachukua msumeno, akakata kipande upande wa tako, kwenye unene unaomfaa mtu mzima, akakilaza uso usio laini chini, uso laini juu, akakiacha mlangoni kabla mama hajaamka, akaondoka bila kutazama nyuma. Kiti kipya, hakijakaliwa na mtu. Akajiona amefanya jambo jema. Na lilikuwa jema. Ila ule uso usio laini, ulioangalia chini kwenye vumbi, ndio uliokuwa na herufi za nyundo.

Basi wakalitwaa gogo mabegani, yeye na Mika na ndugu wengine wa ukoo, wakashuka nalo mteremko wakiimba, migongo inafuka moshi katika baridi, mpaka wakafika getini. Na getini alikuwako Jailos. Huyo ndiye Komeo la Bonde, Jicho la Msitu, mwenye kofia, mwenye filimbi, mwenye boriti ndefu ya paina aliyoilaza njiani, nayo ikipanda na kushuka kwa amri yake.

"Kamwene, Jailos," wakamsalimu.

"Kamwene. Tueni mzigo."

Jailos akalizunguka gogo pole pole. Akainama mwisho mmoja. Akaenda akainama mwisho wa pili. Akarudi wa kwanza, asije akawa amedhulumu.

"Alama iko wapi?"

Hapo Liberatus alikumbuka.

"Ipo," akasema. "Ipo nyumbani."

"Nyumbani inafanya nini?"

"Imekaliwa."

"Imekaliwa na nani?"

Liberatus akatazama milima, kwa maana jina lile halitamkwi na mkwe. Mika akamhurumia, akasema, "Imekaliwa na yule aliyemzaa mke wetu."

Jailos akavua kofia, akaivaa tena, akapanda juu ya jiwe la pembeni ili hotuba yake ipate urefu. "Wananchi! Gogo lisilo na alama ni mwizi aliyelala chali. Leo nikipitisha gogo lisilo na kichwa, kesho mtaniletea msitu mzima mkasema umekaliwa na mashangazi! Tulishasema, mti ni akiba ya watoto wetu!"

"Mtoto wangu ni huyu aliye nyumbani sasa," Liberatus akajibu, na sauti yake ikawa kama ya babu zake walipoliitikia jeshi la Mjerumani. "Akiba yake ni paa. Jailos, sikumwiba mtu. Alama nyingine ipo kwenye kisiki, na mche nimeupanda kando yake. Nenda ukaangalie."

"Kisiki hakijaja hapa getini."

"Nenda wewe basi."

"Miguu yangu ni ya kulinda geti, si ya kutembelea visiki."

"Na hiyo boriti ya geti lako," Mika akauliza kwa upole, "nayo ina alama?"

Jailos hakuitazama boriti. "Nikifunga geti jioni," akasema, "gogo lililobaki hapa bila alama ni mali ya ofisi. Mmesikia. Bwana Asukile akirudi, mtazungumza naye."

"Anarudi lini?"

"Semina ikiisha."

Nani ajuaye semina huisha lini? Liberatus akawaacha ndugu zake wakilinda gogo, akapiga mbio kupanda mlima, peke yake, mdomo wazi, mawingu yakimkimbilia mbele.

Alipokaribia kibanda alisikia maji yakimwagika kwenye beseni na sauti ikimbembeleza mtoto. Akasimama nje ya ua, akaupa ua mgongo, kama ipasavyo. Juliana hakuwapo, alikuwa kijijini kule chini, ng'ambo ya geti, akikandika kuta na wanawake wenzake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kati. Palikuwa na jogoo.

"Ewe jogoo," akanena Liberatus kwa sauti kuu, "wewe mlinzi wa uwanja huu, sikia, na wenye masikio wasikie: gogo limezuiwa getini."

Ndani ya ua maji yakatulia.

"Mjukuu wangu," sauti ikasema, "mbona leo baba yako anazungumza na kuku?"

"Jogoo, alama ya gogo ilikuwa kwenye kipande nilichokata. Na kile kipande sasa kimekuwa kitu kingine."

"Hicho kitu kingine hakina jina, mjukuu?"

"Kinalo, jogoo. Ila mdomo wangu hauwezi."

Kisha mtu mzito akasikika akiinuka, na kitu kikapinduliwa ardhini.

"Kumbe," sauti ikasema. "Mjukuu wangu, bibi yako tangu asubuhi amekalia serikali. Ndiyo maana kiti kilikuwa kinanichoma."

Jogoo alichakura vumbi, Liberatus akainamisha kichwa.

"Basi mwambie baba yako, mjukuu, kwamba bibi yako alilala chini ya nyasi zinazovuja, hakusema. Akaoga kwa maji ya baridi, hakusema. Akaletewa kiti, akashukuru moyoni. Sasa anataka kujua jambo moja tu. Huyo mtu wa geti, ana mke?"

Swali lile lilimshangaza shujaa. "Bado, jogoo. Hajaoa."

"Hajaoa," sauti ikarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Hana mama mkwe popote."

Zile si fikra za mtu wa kawaida, jamaa. Ndivyo wanavyofikiri majemadari usiku wa kuamkia vita, ila hao huandikiwa vitabu. Kwa maana kiti kilikuwa bado na joto lake, na hakuna mwanamume wa ukoo wa Liberatus ambaye angeweza kukinyooshea hata kidole, si Mika, si nani, wote walikuwa wakwe zake. Mama Apolonia hakungoja umande. Akamfunga mjukuu mgongoni kwa kitenge, akaweka kata kichwani, akajitwisha kiti, akatoka uani. Liberatus akajitupa nyuma ya mti wa mwati mpaka apite. Ndivyo walivyoshuka mlima: mama mbele, goti likimuuma, kiti kichwani, mtoto mgongoni; mkwe nyuma kabisa, macho chini, akifuata nyayo bila kumfuata mwenye nyayo. Ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa Mufindi.

Walipotokea getini, ndugu wote wa Liberatus waligeuka kwa pamoja wakatazama msitu. Jailos akabaki peke yake na adui.

"Kamwene, mwanangu," akasema Mama Apolonia.

"Kamwene, mama."

"Kichwa cha gogo ndiyo hiki." Akakitua, akakisogeza kwenye tako la gogo. Duara likakubali duara, utomvu ukapokea utomvu. Hata kipofu angeapa. Na herufi za chuma zilikuwa hapo, zimejaa vumbi kidogo lakini ni zile zile.

Jailos alizitazama, uso ukamlegea, kisha akakumbuka kofia yake. "Mama, sikatai. Lakini kanuni inasema alama iwe kwenye gogo. Hii ipo kando ya gogo. Ni sawasawa na mtu kuja na kichwa mkononi akasema mimi ni mzima."

"Sawa," akasema Mama Apolonia. "Nimechoka. Ngoja nipumzike kwanza."

Akakiviringisha kiti mpaka katikati ya barabara, chini ya boriti, akaketi.

Na saa ile ile likaja lori. Jamaa, lori lile lilijulikana. Lilikuwa la mtu ambaye jina lake lilitajwa kwa kushusha sauti, limejaa mbao mpaka juu, limefunikwa turubai na kukazwa kamba, na tangu geti lijengwe halijapata kusimama pale. Boriti ilikuwa ikiinuka lori lenyewe likiwa bado konani, na Jailos akipiga saluti. Leo lilisimama, kwa kuwa mbele yake palikuwa na bibi.

Dereva akapiga honi. Mtoto akaamka akalia.

"We bibi! Ondoka njiani!"

"Mjukuu wangu," akasema Mama Apolonia akimpigapiga mgongoni, "mwambie dereva bibi yako ana goti."

"Jailos! Nini hii?"

"Mama," Jailos akasema, na sauti ikaanza kupanda, "inuka tafadhali, gari lipite."

"Nitainuka, mwanangu. Gogo la mkwe wangu likiwa na kichwa chake, nitainuka. Lakini kiti hiki nimekikalia. Hawa vijana wote unaowaona wamegeuka kule ni wakwe zangu, hawawezi kukigusa mpaka kilale nje na umande. Kwa hiyo tungoje umande."

"Umande wa kesho?"

"Mimi sina haraka. Chakula cha jioni kinapikwa ng'ambo."

Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walikuwa wamekwisha simama na vikapu vyao. Watu wa kijijini nao wakasogea upande wa pili wa boriti, Juliana miongoni mwao, mikono bado ina udongo. Akasikia kilio cha mwanawe, akapenya chini ya boriti, akampokea, akamnyonyesha pale pale kando ya tairi la lori. Honi ikakoma; hata dereva ana mama. Na katika ukimya ule Mika, akiwa bado ameutazama msitu, akauliza mti ulio karibu, "Hivi mbao hizi zilizo chini ya turubai, nazo zina alama?"

Mwanamke mmoja akatua kikapu, akainama kuchungulia pembe ya turubai. Mwingine naye akainama. Dereva akatazama juu mbinguni kana kwamba ana ndugu yake anakaa huko.

Jailos alimtazama dereva, akawatazama wanawake, akautazama umati unaozidi kunenepa. Ndipo Liberatus mwana wa Gideoni alipofanya tendo ambalo kwalo jina lake limeandikwa hapa. Hakupigana. Hakupaza sauti. Alitoa mfukoni misumari aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mlango, akachukua na nyundo ya Mika, akavipanga juu ya gogo, vizuri, kama mtu anayetenga chakula mezani. Kisha akarudi hatua kadhaa, akamgeuzia mama mkwe wake mgongo, akasema:

"Jailos. Wewe si mkwe wa mtu."

"Mimi?" akasema Jailos.

"Alama ni ya serikali," akasema Mama Apolonia. "Serikali ndiyo ipigilie."

Akainuka. Na Jailos, Komeo la Bonde, Jicho la Msitu, akapiga magoti barabarani mbele ya watu wote, akakiinua kiti kingali na joto la mama wa watu, akakibandika kwenye tako la gogo, akakipigilia mshazari ukingoni. Msumari wa kwanza ulipinda.

"Nyoosha mkono, mwanangu," Mama Apolonia akamshauri. "Hujawahi kujenga?"

"Sijawahi."

"Utajenga. Utaoa tu."

Msumari ukaingia. Mwingine ukaingia. Jailos akasimama, magoti yana matope, akalitazama gogo: lina alama, tena kwenye gogo. Akaivuta kamba, boriti ikapanda juu, nao ndugu wa Liberatus wakaliinua gogo kwa sauti moja wakapita chini yake. Na vigelegele vya wanawake vilifika mpaka kule juu msituni, vikasikiwa na mipaina ile ambayo haijawahi kuulizwa kitu.

Lori nalo lilipita. Msidanganyane. Lilipita bila kuulizwa alama, kama siku zote, maana wakati ule hata ukweli ulikuwa na geti lake. Lakini kutoka pale mpaka kijijini barabara inakwenda juu ya tuta jembamba, matope huku, matope kule, na katikati ya tuta lilikuwa linatembea gogo halali la Liberatus. Wabebaji hawakukimbia. Hakuna sheria inayomtaka mtu akimbie na mti wa serikali. Mbele yao Mama Apolonia alikuwa akipumzisha goti kila alipojisikia. Na nyuma yao lile lori kubwa, la mtu yule, likinguruma kwa gia ndogo, lilifuata pole pole kama ng'ombe wa mahari.

Jioni ile mtambaapanya ulipanda juu ya kuta. Kichwa chake kiling'olewa tena kwanza na majirani wasio wakwe, hicho kikarudi kuwa kiti, kikaachwa nje kilale na umande. Fito zikafungwa, nyasi zikatupwa juu, majirani wakakanyagana kwenye ngazi, na tone la kwanza la mvua lilipotua lilitua juu ya paa, likashindwa kuingia. Mtoto akalala pakavu.

Wanaoandika historia ya nchi hii na waache humo mstari mmoja kwa ajili ya Jumamosi ile. Wakisema hawana nafasi, na wafute jemadari mmoja. Wako wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuezeka nyumba.